Siku Niliyolipandisha Gari

Nililipenda lile gari likiwa limelala chini. BMW E36 ya milango miwili, springi fupi, limeshuka milimita 50 hadi tairi zikamezwa na bodi. Shokapu niliziacha zilezile za kiwandani. Ujinga wangu ulianzia hapo.

Siku ya kwanza kwenye uwanja wa mbio za magari, kwenye kona ndefu ya kulia, lilikata vizuri mpaka katikati, kisha pua ikagoma. Nikaongeza usukani, likaendelea kuchepuka nje. Shokapu ya kushoto ilikuwa imekwisha mwendo, imekalia raba yake ya kizuizi. Springi ilikuwepo kwa jina tu.

Nilipoingia kupumzika, fundi mmoja mzee aliyekuwa akisaidia watu pale alichoma tairi la mbele kushoto kwa kipimajoto cha sindano. Ukingo wa nje nyuzi 97, kati 84, ndani 71. Hakusema kitu. Akalala chali chini ya gari, kisha akaniita.

"Kijana, njoo uone mikono ya gari lako inavyoomba dua."

Kweli, mikono ya chini, vyuma vinavyoshika magurudumu, iliyopaswa kulala karibu sawa ilikuwa imeinuka kuelekea magurudumuni. Akanieleza kwamba kwenye mfumo wa MacPherson, ambapo shokapu na springi husimama pamoja juu ya mkono mmoja wa chini, ukishusha gari kupita kiasi, kitovu cha uzito kinashuka kidogo, lakini ule mhimili ambao bodi huinamia unashuka zaidi. Nafasi kati yao inakua, na gari lililo chini linalala konani kuliko lilivyokuwa juu.

"Lakini mzee, nimepima alaimenti, yaani mkao wa magurudumu, juzi tu," nikasema, nikamwonyesha karatasi ya mashine, kijani tupu toka juu mpaka chini. Akacheka. Kijani ile ilikuwa ya kwendea kazini. Mbele nilikuwa na kamba ya nyuzi hasi 1, juu ya gurudumu kukiegemea ndani kidogo tu. Bodi ikiinama nyuzi 3, tairi linasimama kwa ukingo wake wa nje. (Kamba ndilo neno la mafundi kwa mwegemeo wa gurudumu, na katika habari hii nimepigwa kamba nyingi.)

Nikanunua shokapu za kurekebisha kimo, springi ngumu zaidi, na vikalio vya juu vinavyoteleza, vya kusogeza kichwa cha shokapu ndani au nje. Kwanza nikalipandisha gari milimita 25. Roho iliniuma, nisiseme uongo.

Alaimenti nikaifanya mwenyewe kwa uzi. Stendi nne, uzi mmoja kila ubavu, sambamba na gari. Chini ya kila gurudumu vigae viwili vyenye grisi katikati ili lizunguke bila kukwama. Kwenye kiti cha dereva nikaweka mifuko ya mchanga ya kilo 75, maana gari haliendi bila mtu. Kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu, kisha ukingo wa nyuma: vikilingana, gurudumu linatazama mbele. Saa sita usiku vililingana. Nikapima kamba mara ya mwisho: kulia hasi 2.6, kushoto hasi 2.2. Nikalegeza nati tatu za kikalio cha juu, nikavuta kichwa cha shokapu ya kushoto ndani, nikakaza, nikaenda kulala.

Asubuhi, nikikanyaga breki kwenye mstari ulionyooka, gari linanusa huku na huku kama mbwa aliyepoteza njia. Nikatandaza uzi tena palepale. Pua ya gurudumu la kushoto ilikuwa imefunguka nje milimita 4. Nilivuta kichwa cha shokapu ndani, lakini tairodi, fimbo inayounganisha usukani na gurudumu, haikufupika. Ikaisukuma pua nje. Unaanza na kimo, kisha kamba, halafu mwelekeo wa pua mwisho kabisa: nilijua, usingizi ukanisahaulisha. Nikazungusha tairodi ya kushoto peke yake mpaka pua ikanyooka.

Kona ile ya kulia, nilisubiri pua igome. Haikugoma. Ilibidi nipunguze usukani nisije nikapanda ukingo wa ndani.

Kipimajoto kikasema nje 83, kati 86, ndani 91. Nilikuwa bado nimechuchumaa, kiganja juu ya raba yenye joto, rafiki yangu akaja akalizunguka gari mara mbili, uso umemshuka.

"Mbona umeliharibu?" akauliza. "Springi zimekatika?"