Kuwinda karibuu kaskazini mwa Alaska: anza na hesabu ya nyama

Kila anayesikia kwamba naishi Anchorage na ninawinda huniuliza anunue bunduki gani. Hilo ni swali la mwisho. Kwa karibuu, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu wa nchi za baridi, bunduki ya kawaida ya risasi ya .308 inatosha kabisa. Swali la kwanza ni hili: dume akishaanguka kwenye tundra, ile nyika ya baridi, mbali na barabara, pasipo njia wala mti, kilo 50 na ushee za nyama zitafikaje kwenye gari?

Sheria yenyewe ndiyo inayokupeleka mbali. Barabara ya Dalton ina urefu wa kilomita 666 hadi Deadhorse, kituo cha mwisho kaskazini, na ukishavuka mto Yukon, maili 5 kila upande, yaani kilomita 8, uwindaji ni wa upinde na mshale tu. Kuchepuka na pikipiki ya matairi manne hakuruhusiwi. Mwenye bunduki atembee.

Mtu mmoja aliyejiita mzoefu alituambia mimi na shemeji yangu kwamba kutembea huko si kazi, ni tambarare tupu. Ushauri ule bado unaniudhi, maana unaweza kumvunja mtu mguu. Kwa mbali tundra inaonekana kama zulia. Ukiingia unakuta vishungi vya nyasi, kila kimoja karibu kimo cha goti, juu vinayumba, chini maji. Ukikanyaga juu, kinalala nawe. Ukikanyaga katikati, unazama. Kilomita moja na nusu kwa saa ni mwendo mzuri, na hapo hujabeba nyama.

Safari ya kwanza hatukufyatua hata risasi. Yule yule alituapia kwamba mwisho wa Agosti karibuu wanavuka barabara mchana kutwa. Tulipokewa na ukungu Atigun Pass, pale barabara inapovuka milima, na upande wa pili bonde lilikuwa jeupe kwa theluji, hakuna hata kwato. Karibuu hawana ratiba; mbu, upepo na malisho ndivyo vinavyowaswaga. Lakini ndiyo safari iliyotupa ufunguo. Mto Sagavanirktok unakwenda sambamba na barabara kwa masafa marefu, na vijito vya milimani vinaingia humo. Shemeji aliutazama, akasema, "Shemeji, haya maji yanaelekea tunakotaka. Kwa nini tubebe sisi?"

Majira ya baridi yote tuliishi na wazo hilo. Tulinunua boti ndogo ya kujaza upepo, ile ya kilo tatu hivi inayokunjwa ndani ya begi. Bei yake inauma, lakini ni nafuu kuliko kukodi ndege. Barafu ilipoyeyuka tukaipeleka ziwani na magunia mawili ya mchele ya kilo 25, tumeyafunga kwenye nailoni. Yote mawili yakiwa mbele, pua iliinama na maji yakaingia. Moja katikati ya miguu na jingine nyuma, boti ikatulia tuli. Mchele huohuo nikaupandisha mlima Flattop mgongoni kila wikiendi. Mke wangu alikuwa akiuliza lini utapikwa.

Msimu ulipofika tuliacha vishungi, tukapanda kwa kufuata changarawe za kijito, ambako mguu unapata pa kukanyaga. Dume tulimpata mbali sana nje ya mpaka. Nilipiga bismillahi, nikafyatua, akaanguka hatua chache kutoka majini. Tulikubaliana tangu nyumbani: mmoja tu, huyo afike kwanza.

Someni kanuni za eneo mnaloendea. Nyama inayolika haiachwi porini, pembe haziruhusiwi kutangulia nyama, na ziko sehemu ambako mapaja lazima yabaki na mfupa. Tulitia nyama kwenye mifuko ya kitambaa, tukaitandaza juu ya matawi ya mierebi ili upepo upite chini, mbali na hema lakini tunapoiona, kwa sababu ya dubu. Asubuhi tukaipakia vilevile kama mchele. Penye maji haba tulishuka tukaikokota boti kwa kamba, shemeji mbele, mimi nyuma. Barabara ilipoonekana nilipiga kelele mwenyewe.

Beba matairi mawili ya akiba na mafuta ya ziada, kwa kuwa kati ya Coldfoot, kituo kilicho njiani, na Deadhorse ni kilomita 386 bila kituo hata kimoja. Beba pia kifaa cha setilaiti, simu ya kawaida huko haishiki, na chakula cha siku za kungojea mto upungue.

Mimi ni mkazi, nalipa leseni ya mkazi, dola kama arobaini na kitu. Ndugu mnaoniandikia kutoka Dar na Muscat, nyinyi mko tofauti: mgeni asiye raia wa Marekani haruhusiwi kuwinda wanyama wakubwa Alaska bila mwongozaji mwenye leseni, na hao wanatoza maelfu ya dola. Muulizeni mapema, na swali la kwanza liwe nyama itatokaje.