Kampala au Mwanza: Safari ya Mama

Shule zilipofunga Agosti 2023, nilikuwa na shilingi 40,000 mkononi. Zamu yangu ya kupokea pesa za chama, kikundi chetu cha kuchangiana, ilikuwa imefika. Sikutaka pesa zile ziishie kwenye mabati. Nilikuwa nimejiapia kumvusha Mama mpaka wa nchi angalau mara moja, akiwa bado na nguvu za kupanda matatu. Alikuwa na miaka 65, na hadi siku ile alikuwa amefika Nairobi mara mbili tu, zote kwa ajili ya matanga.

Kwa mtu wa Kisumu mwenye mshahara wa mwalimu, miji ya nje inayofikika bila kukopa ni Kampala na Mwanza. Nikachukua daftari, nikachora mstari katikati ya ukurasa.

Ndugu yangu mdogo alikuwa upande wa Kampala kabisa. "Dada, unapanda basi usiku hapa Kisumu, asubuhi uko huko. Unavukia Busia, na kitambulisho kinatosha." Alisema kweli. Tangu 2014 sisi, Waganda na Wanyarwanda tunavuka kwa kitambulisho cha taifa tu, na tangu 2018 pale Busia maafisa wa nchi zote mbili wanakaa jengo moja, hupigi foleni mara mbili. Kwenda Mwanza ilibidi Mama, asiye na pasipoti, atafutiwe hati ya muda ya kusafiria, halafu tubadilishe magari: Kisii, Migori, Isebania, tuvuke hadi Sirari, tutafute basi lingine.

Hata hesabu ya pesa ilielekea Kampala, kwa macho ya ndugu yangu. Siku zile shilingi yetu moja ilileta kama 25 za Uganda, na za Tanzania kama 17. Nilimwambia asihesabu noti, ahesabu sahani ya wali na kitanda. Nilipopiga simu kuulizia gesti za huku na huku, tofauti kwa siku nne haikufika shilingi 2,000 za kwetu.

Tena Kampala naipenda, na nilishafika mwenyewe. Nilikula rolex ya moto kando ya barabara, mayai na nyanya ndani ya chapati. Nilipanda mamia ya ngazi za mnara wa Msikiti wa Taifa, ule wanaouita wa Gaddafi, nikauona mji umelala juu ya vilima vyake. Nilizunguka soko la Owino hadi miguu ikauma. Lakini nilikumbuka pia kwamba kule sokoni maneno yote yalikuwa Kiganda, na mahali Kiganda kilipokwama palijazwa Kiingereza. Mama anajua Kijaluo na Kiswahili. Zaidi ya miaka thelathini ameuza omena, dagaa wa ziwani, pale soko la Kibuye mjini Kisumu, na hakuna mteja aliyewahi kumshinda kwa maneno. Nikamwona moyoni amekaa pembeni yangu siku nne, mimi namsemea kila kitu, yeye anatabasamu tu. Picha ile ilinisumbua.

Hatimaye nilifanya nililopaswa kufanya mwanzo: nikaenda kumuuliza. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, anapepeta omena, anatoa vijiti na makombe madogo. Sikumaliza hata kutaja miji.

"Mwanza, nyathina, mwanangu. Mimi nimekula jasho la Mwanza miaka yote na sijaiona."

Ni kweli. Kwetu uvuvi wa omena hufungwa kila mwaka kuanzia tarehe 1 Aprili hadi mwisho wa Julai, samaki wazaane. Miezi hiyo minne magunia yanayofika kwenye kibanda cha Mama hutoka ng'ambo, mengine Uganda, mengine Mwanza. Ndiyo yaliyotulipia karo ya muhula wa pili.

Halafu akanihadithia jambo ambalo sikuwa nimelisikia hata siku moja. Babu alikuwa kuli bandarini Kisumu. Mwaka 1972, Mama akiwa msichana wa miaka 14, walimsindikiza shangazi yake aliyekuwa ameolewa Mwanza. Shangazi alipanda meli ya Victoria. Meli hiyo ilitoka Scotland vipande vipande na kuunganishwa hapa hapa Kisumu, ikaanza safari 1961, na wazee wa bandarini waliihesabu kama mtoto wao. Mama alipunga leso hadi meli ikawa nukta. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mali zikagawanywa, na Victoria ikabaki Tanzania. Shangazi hakuja tena Kisumu kwa njia ya maji. Alikwisha fariki zamani.

Nilirudi nyumbani nikalikunja lile daftari.

Tuliondoka Jumanne alfajiri. Pale mpakani mvunja pesa mmoja alituhesabia noti haraka haraka, nami nikawa tayari kuzitia mkobani. Mama akazichukua, akalowesha kidole, akahesabu taratibu. Noti moja ilikuwa imekunjwa katikati, imehesabiwa mara mbili. Hakupaza sauti. Alinyoosha tu mkono wazi hadi ile iliyopungua ikaja. Baada ya hapo nilimwachia mkoba wote.

Basi la Sirari lilipita Tarime, likavuka Mto Mara, likashuka Bunda hadi Lamadi, ambapo mbuga ya Serengeti inakaribia ziwa. Tukaanza kuona mawe. Niliwahi kusikia Mwanza inaitwa jiji la miamba, lakini kuyaona ni jambo jingine: mawe makubwa kama nyumba, yamepandana, na nyumba zenyewe zimejibana katikati yake.

Kilichomshika Mama zilikuwa salamu, si mawe. Kijana wa kwanza aliyetubebea mfuko alimwambia, "Shikamoo mama." Mama akasita. Kisumu hatuna mazoea hayo. Kijana atakwambia "sasa" na kupita. Akakumbuka, akajibu, "Marahaba, mwanangu." Wa pili akaja, wa tatu, mhudumu wa gesti, kondakta wa daladala, mtoto aliyetumwa maji. Kufikia jioni alikuwa anajibu kabla hawajamaliza, mgongo umenyooka.

Asubuhi tulikwenda Mwaloni, soko la samaki la Kirumba. Jiwe la Bismarck na kisiwa cha Saanane tuliviona kwa mbali tu, maana sikuweza kumtoa sokoni. Nilisimama nyuma yake nikamtazama. Aliingiza mkono katikati ya gunia, kamwe hachukui za juu, akatoa konzi. Akazisugua kiganjani, akazimwaga, akatazama kilichobaki kwenye mikunjo ya kiganja. Mchanga ukibaki, dagaa wameanikwa chini. Akavunja mmoja, akasikiliza mlio wake, akanusa, akamtafuna na kichwa. Kwenye gunia la nne akaguna kwa kuridhika.

"Hizi mmeanika wapi?"

"Juu ya chanja, dada. Mchanga hakuna hapo."

"Naona. Omena safi."

"Ah! Omena! Kumbe ni Mjaluo wa Kisumu!" Muuzaji, mama wa rika lake, akamsogezea ndoo akae. Walizungumza kwa karibu saa mbili: jinsi mbalamwezi inavyoharibu biashara, kwa kuwa dagaa huvuliwa kwa taa na ziwa likiwa na mwanga hazikusanyiki, na kwa nini huku wanapima kwa ndoo ndogo ya sado na kwetu kwa mkebe wa gorogoro. Mama akaomba sado tupu, akaigeuza, akaipima kwa shubiri zake kama fundi. Alibishana bei kwa raha ambayo sikuwa nimeiona usoni pake tangu Baba afariki. Tukaondoka na sado tano.

Usiku wa mwisho nilimpeleka bandari ya Kaskazini. Nilikuwa nimeulizia mchana. Meli ilikuwa imetia nanga, taa zimewaka, watu wa Bukoba wanapanda na mikungu na magodoro. Ilikarabatiwa na kurudi kazini 2020, na jina limeongezwa maneno.

"Ndiyo yenyewe?" Mama akamuuliza mlinzi.

"Ndiyo yenyewe, bibi. Ile Victoria ya zamani."

"Ilitengenezwa kwetu," Mama akamwambia. "Baba yangu aliipakia mizigo."

Mlinzi akatusogeza mbele kidogo, mahali pa kuona vizuri. Honi ilipolia nilihisi mtetemo kifuani. Mama akafungua leso aliyokuwa amefungia pesa, akanikabidhi noti, akaanza kupunga. Hakuna aliyemjua katika meli ile. Watu wawili watatu kwenye sitaha wakainua mikono, wakampungia nao.