Leo nimeshika Dooling 61

Jamani! Mzee mmoja mkusanyaji hapa California kanifungulia kabati lake. Dooling 61 ni injini inayoenea kiganjani, ujazo wake kama sentimita za ujazo 10 tu, ila miaka ya 1940 ilikimbiza vigari vilivyofungwa waya kwenye nguzo, vikizunguka kwa zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Ndugu wa Dooling waliiunda Los Angeles, mpinzani wake ikiwa injini ya McCoy yenye kichwa chekundu.

Mzee hujitengenezea nakala mwenyewe kwa kumimina alumini iliyoyeyuka kwenye umbo lililochapwa mchangani. Kielelezo cha mbao cha kuchapa umbo hilo hukichonga kikubwa kidogo, maana alumini ikipoa husinyaa kama asilimia 1.3, na kuta za kielelezo hulazwa kidogo ili kichomoke bila kubomoa mchanga.

Akawasha moja. Plagi yake ina waya wa platinamu, aina aliyoileta Ray Arden 1947: unaupasha kwa betri, injini ikishika unaondoa betri, waya unabaki mwekundu wenyewe. Masikio yangu mpaka sasa yanalia. Na ile harufu, kumbe ni methanoli na mafuta ya nyonyo! Yale yale ya bibi ya kupaka nywele.

Bei sikuuliza, nisije nikakosa usingizi.