Nilivyochagua injini kwa ubao na mizani ya kupimia mwili

Kila aliyepanda gari langu aliniambia jambo lilelile kabla hata hajafunga mkanda: gari tamu, lakini injini hiyo ndogo, ibadilishe. Ni Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, lile la viti viwili na taa za mbele zinazoinuka, lililoonyeshwa kwa mara ya kwanza Chicago mwaka 1989. Injini yake ya lita 1.6 ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 115 hivi, na gari zima halifiki kilo 1,000. Nimeliendesha hivyohivyo miaka minne, na sikuwahi kuona gari linalojibu usukani namna ile. Unalifikiria kona, nalo limeshaingia.

Lakini kulikuwa na kilima. Ukitoka kwenye kona ukiwa unapanda, gia ya tatu ilikosa pumzi na ya pili ikawa inalia tu. Hapo ndipo nilipoanza kuomba ushauri, na nasema bila kuficha kwamba sehemu kubwa ya ushauri niliopewa ulikuwa mbovu. Wapo walioniambia kugusa injini ya gari jepesi ni kufuru, nijifunze kuendesha. Wapo walioniambia niweke V8, injini ya silinda nane, nimalize kazi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeniuliza gari langu lina uzito gani mbele na uzito gani nyuma.

Kosa langu la kwanza lilikuwa turbo, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini. Fundi mmoja aliniahidi kwamba kwa msukumo mdogo tu injini isingejua hata kama kuna kitu kimeongezwa. Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Vifaa na ufundi vilinila karibu nusu ya bei niliyonunulia gari lenyewe.

Wiki tatu za kwanza zilikuwa raha. Kilima kile kikawa si kitu. Kisha asubuhi moja, nikitoka kwenye kona kwa gia ya pili, nilikanyaga mafuta nikasikia mlio kama mtu amepiga nondo chini ya kiti. Gari likabaki linanguruma bila kwenda. Difu, zile gia za nyuma zinazogawa nguvu kwa magurudumu, ilikuwa imekwisha. Magari ya 1.6 yana difu ndogo, ya inchi 6, na kwa farasi 115 inadumu miaka bila malalamiko. Mazda walipoleta injini ya 1.8 kwenye gari hilihili, kwa toleo la 1994, waliweka pia difu kubwa zaidi, ya inchi 7. Hilo peke yake lilikuwa limeniambia kila kitu, kama ningekuwa na masikio: waliotengeneza gari walipoongeza lita 0.2 tu, waliimarisha na nyuma.

Nikanunua difu ndogo nyingine iliyotumika, nikaifunga, nikaendelea. Leo naona uchungu kuandika hivyo. Mwezi haukuisha, injini ikaanza kutoa moshi wa buluu na kupoteza nguvu kwenye silinda moja. Tulipoifungua tulikuta pistoni ya silinda ya nne imepasuka pale zinapokaa ringi.

Kwa nini ya nne? Hili nataka kulieleza vizuri maana lingeniokolea pesa nyingi. Ukoo huu wa injini ulianza kwenye magari ambayo injini hulala kwa upana, na maji yalikuwa yakiingia upande mmoja wa injini na kutokea upande wa pili. Kwenye MX-5 injini imesimamishwa kwa urefu, na njia ya maji kutoka ikahamishiwa mbele, upande uleule iliko pampu. Kwa hiyo silinda za nyuma hupata mtiririko mdogo kuliko za mbele. Kwa nguvu za kiwandani mpangilio huo unatosha kabisa. Ongeza turbo bila kuchunga mafuta na wakati wa cheche, na silinda ya nne ndiyo ya kwanza kugonga, yaani mafuta kulipuka ovyo ndani yake. Mlio wa kugonga sikuusikia, paa lilikuwa wazi na upepo mwingi. Wanaojua hufunga mfereji wa mbele na kutoa maji nyuma ya hedi, kile kichwa cha injini, kisha hutumia kompyuta ya injini inayoweza kupangwa upya. Mimi sikufanya lolote kati ya hayo, na fundi wangu hakuniambia.

Gari lilikaa juu ya mawe miezi miwili. Aliyeniokoa ni mzee mmoja aliyewahi kutengeneza magari ya mashindano ya vilima. Alikuja, akalizunguka, akaniuliza, "Kijana wangu, umelipima?"

"Nipime nini, mzee? Injini imeshavunjika."

"Gari. Mbele kilo ngapi, nyuma kilo ngapi. Unataka kuchagua injini na hujui gari lako lina nini begani?"

Nilimjibu kwamba sina mizani ya magari. Akasema mizani ya kupimia mwili inatosha, na aliyonionyesha siku ile ndiyo maarifa ninayoyapenda kuliko yote niliyopata kwenye safari hii.

Chukua ubao mnene usiopinda. Ncha moja ikae juu ya kipande cha chuma cha pembe kilichowekwa kwenye tofali, na ncha nyingine juu ya kipande kama hicho kilichowekwa kwenye mizani. Chuma cha pembe ndicho siri yenyewe, kwa sababu unajua hasa ubao unagusa wapi. Kati ya vyuma hivyo viwili tuliacha sentimita 120. Tairi ikawekwa katikati ya mgusano wake sentimita 40 kutoka upande wa tofali. Hapo tofali linabeba theluthi mbili na mizani inabeba theluthi moja. Mizani inayokomea kilo 150 inapima gurudumu lenye kilo 260 bila kutetereka: soma, zidisha kwa tatu. Ubao wenyewe una uzito, kwa hiyo soma mizani kabla ya gari kupanda na uutoe. Magurudumu mengine matatu lazima yawe juu ya mbao za kimo kilekile, la sivyo gari likiinama tu namba zinadanganya. Achia breki ya mkono, weka kabari, kisha litikise gari ili springi zitulie. Kwenye kiti cha dereva tuliweka mifuko ya mchanga yenye uzito wangu, kilo 75. Tuliazima injini nyingine ya 1.6 tukaipachika ili kipimo kiwe cha gari kamili. Kazi ya jioni nzima, na nilizidisha kwa tatu mara nyingi hadi nikaota.

Mbele: kilo 531. Nyuma: kilo 504. Yaani asilimia 51.3 mbele, na mimi ndani yake. Mzee akachukua kalamu akaandika: tuseme injini mpya ni nzito kwa kilo 80 na zote zikae mbele. Mbele inakuwa 611 kati ya 1,115, karibu asilimia 55. "Hilo," akasema, "ni gari lingine. Litakwenda haraka, lakini si hili unalolipenda."

Kisha akanikumbusha MG, kampuni ya magari ya Uingereza, na tangu siku hiyo mtu akiniambia habari za V8 ndipo ninapoanzia. Mwaka 1967 waliichukua MGB yao wakaweka injini ya silinda sita ya lita 2.9, wakaiita MGC. Nguvu iliongezeka, lakini chuma kile kizito kiliufanya mdomo wa gari uwe mzito, likawa halitaki kukata kona, na waandishi wa magari wa wakati ule walilishambulia. Mwaka 1973 wakaweka V8 ya Rover ya lita 3.5 kwenye MGB GT. Hiyo ilikuwa ya aluminiamu, na uzito wake haukupishana sana na ile ya silinda nne ya chuma. Gari lilibaki na adabu yake. Injini ya lita 3.5 ikafaa pale ya lita 2.9 iliposhindwa, na sababu ni kilo.

Wanaonitajia Cobra nawajibu pia. Ni kweli Carroll Shelby alitia V8 ya Ford kwenye gari jepesi la AC mwaka 1962, likawa Cobra, likatikisa dunia. Lakini ilipofika zamu ya injini ya lita 7, fremu ilitengenezwa upya kwa mabomba manene zaidi, na springi zikabadilishwa aina. Hilo hawalisemi.

Kilichonipa uamuzi wa mwisho ni Toyota. Gari lao la 86 la mwaka 2012 lilikuwa na lita 2.0, na watu walililia turbo karibu miaka kumi. Lilipokuja GR86, jibu lilikuwa injini ya lita 2.4 isiyo na turbo. Msokoto, yaani nguvu ya injini ya kuzungusha, ukapanda kutoka nyutoni mita 205 hadi 250, na la maana zaidi, unafika kileleni kwenye mizunguko 3,700 badala ya zaidi ya 6,000. Nguvu iko pale unapotoka kwenye kona. Hicho ndicho kilichokuwa kinanikosa kilimani.

Basi nikatafuta injini ya 1.8 ya MX-5 ya kizazi cha pili, ile yenye valvu zinazobadilisha wakati wake, farasi 140 na ushei. Inakaa kwenye mikono ileile inayoshika injini, giaboksi ileile. Kuifunga sitaeleza, ni kazi ya siku mbili tatu. Maji tuliyatoa nyuma ya hedi safari hii, na kompyuta ikapangwa na mtu anayejua, akiwa ndani ya gari na mimi. Difu ni ya inchi 7, ya Torsen, aina inayopeleka nguvu zaidi kwa gurudumu linaloshika barabara. Ukiichukua, chukua na propela na shafti zake za pembeni, maana za difu ndogo hazikubali. Na angalia uwiano wa gia za difu, maana namba ndogo hupunguza mvuto: nilipata ya 4.3 kama iliyokuwa kwenye difu yangu ya zamani, nikaacha ya 4.1 iliyokuwa rahisi zaidi, kwa sababu ningerudisha kwa mkono wa kushoto nilichopata kwa wa kulia. Breki nikaweka za 1.8, ambazo diski zake ni kubwa. Jumla ya vyote hivi haikufika nilichopoteza kwenye turbo, ukihesabu na difu ya pili na injini iliyokufa.

Kabla ya kuliwasha tulirudi kwenye ubao. Mbele 543, nyuma 513. Difu nzito ilikuwa imelipa sehemu kubwa ya deni la injini, na mbele ikawa asilimia 51.4. Mzee alirudia hesabu mara mbili, kisha akaweka kalamu mfukoni.

Siku iliyofuata nilikipanda kilima. Nilifika kwenye kona ileile difu ilipokatikia, nikaliingiza kwa gia ya tatu, nikakanyaga. Liligeuka kama linavyogeuka siku zote, na safari hii likavuta. Nilifika juu nikageuza, nikashuka, nikapanda tena. Nilifanya hivyo mpaka taa ya mafuta ikawaka.