Nilivyowatenganisha tegu wa ngamia na wa kondoo Turkana

Kila niliyemuuliza jinsi ya kuhifadhi kifuko cha tegu, yaani uvimbe wa maji ambamo tegu mchanga hukulia ndani ya mnyama, aliniambia, "Weka kwenye fomalini, hakiozi." Ni kweli hakiozi. Vifuko vyangu vya kwanza, vya mapafu ya ngamia na maini ya kondoo, vilikaa vizuri mno, ila PCR, kipimo kinachonakili DNA ili isomeke, haikuona kitu. Fomalini huharibu DNA, na wanaotoa ushauri huo sidhani wamewahi kuhangaika na kifuko hata kimoja. Tumia ethanoli ya asilimia 70. Lebo iandike kwa penseli, maana wino unafutika na utabaki na chupa zisizo na mwenyewe.

Tegu huyu, Echinococcus granulosus, kwa macho ni yule yule, lakini kwa DNA ana aina zinazopewa namba za G: kuna G1 ya kondoo, inayowapata watu wengi zaidi duniani, kuna G6 ya ngamia, G5 ya ng'ombe na G7 ya nguruwe. Si namba za kujipamba: chanjo ya mifugo ya EG95 ilitokana na tegu wa kondoo, kwa hiyo ni lazima ujue mnyama ana tegu yupi.

Machinjioni kazi ni kumwahi mbwa. "Daktari, hiki huwa tunatupa tu," mchinjaji akaniambia, na mbwa keshakaa mlangoni anameza mate. Akikila tu, tegu watakomaa ndani ya utumbo wake na mayai yatoke na kinyesi. Soda mbili tatu zikanitengenezea urafiki.

Sasa ujanja wenyewe. Dawa za kutolea DNA za dukani bei yake ilinitoa jasho, nikaachana nazo. Kifuko kilichoiva ukikitoboa, majimaji yakitulia utaona chini punje nyeupe kama mchanga laini. Kila punje ni kichwa kichanga cha tegu. Niliokota kimoja tu chini ya darubini, nikakitia kwenye maikrolita 10 za sodiamu haidroksidi ya 0.02 M, nikachemsha kwa nyuzi 95 dakika kumi. Basi! Maji hayo hayo yanaingia PCR, gharama yake haifiki hata bei ya chai. Wenye vifaa vya bei mbaya walikuja kuchungulia, nikajifanya niko bize.

Ng'ombe ndio walionisumbua, vifuko vyao vingi ni tasa, havina punje zile. Hapo unakwangua utando wa ndani, taratibu, na glavu usivue.

Kuna mbuzi mmoja ambaye maabara nzima iliapa ana tegu wa kondoo. Akatoa G6, ya ngamia. Nikarudia kwa kichwa kingine cha kifuko kile kile: G6 tena.