Kabla ya kukodi kijiko: miaka mitatu ya kuchimba almasi Mabuki

Fedha za dagaa nilizozikusanya kwa miaka 12 katika soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, ndizo zilizonipeleka Mabuki, wilayani Misungwi, ambako mimi na mashemeji zangu wawili tulikata leseni ndogo ya kuchimba almasi. Wenzangu wa sokoni huniuliza kila mara ni lini nitaingiza mitambo mikubwa. Ninawajibu hapa kwa kirefu, kwa sababu nilikwisha kuingiza mtambo mmoja, kijiko cha kufukulia udongo, kabla ya wakati wake, na hasara yake inaniuma hadi leo.

Kanda yetu ilivuma zaidi kwa almasi kuanzia mwaka 1940, wakati John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, alipougundua mwamba wenye almasi wa Mwadui, mkoani Shinyanga, ambao eneo lake juu ya ardhi ni takriban hekta 146. Anayepita Maganzo, mji mdogo jirani na Mwadui, akaona malori ya mgodi wa huko hudhani kwamba almasi imejaa ardhini kama karanga shambani. Lakini hata Mwadui kwenyewe, tani 100 za mwamba hutoa karati zisizofika 10, na karati moja ni gramu 0.2 tu. Ndoo yetu hubeba kilo 20, kwa hiyo mwenye udongo mzuri kama ule angelazimika kuosha ndoo 5,000 ili apate almasi zisizofika gramu 2. Laiti ningeipiga hesabu hiyo kabla sijanunua hata sururu moja.

Leseni yenyewe haikunisumbua sana. Leseni ndogo hupewa Watanzania pekee na hudumu miaka 7, ila haikupi shamba la mtu. Ilitubidi tukae na wenye mashamba ya pamba na mahindi, tukubaliane fidia mbele ya serikali ya kijiji, na tuahidi kuyafukia mashimo ili ng'ombe wao wasitumbukie.

Kazi niliyoipenda tangu siku ya kwanza ni kuosha. Changarawe huchekechwa kwanza ili mawe makubwa yabaki juu, kisha iliyopita huwekwa kwenye chekeche lenye matundu madogo, ambalo huzamishwa katika pipa la maji lililokatwa nusu, likazungushwa na kurushwarushwa hadi vizito vishuke na kukusanyika katikati. Hapo mwoshaji hulipindua kwa pigo moja juu ya gunia lililotandikwa chini, na kile kilichokuwa chini kabisa huonekana juu, kikiwa duara jeusi lenye punje nyekundu za madini ya garneti. Almasi ikiwamo hukaa humo, kwa kuwa uzito wake ni mara tatu na nusu ya maji, ilhali mawe meupe ya kawaida hayafiki mara tatu. Mzee mmoja aliyezeekea katika machimbo hayo, ambaye sote tunamwita Babu, aliniambia, "Mama, anza katikati; pembeni ni mchanga tu." Tunatumia maji matupu, bila sumu ya zebaki, na kwa sisi tunaoishi kwa samaki wa Ziwa Victoria si jambo dogo.

Mwezi Julai wa mwaka wa pili tulipata jiwe la karati 3 na ushei. Dalali mmoja wa barabarani alitaka kulichukua kwa bei ambayo haikufika theluthi ya ile tuliyoipata baadaye katika soko la madini, hata baada ya kukatwa mrabaha wa serikali wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Furaha ilitupofusha. Tulikodi kijiko kwa siku 9, nacho kilifukua kwa siku mbili tabaka la udongo mweusi wa mbuga ambalo kwa sururu lingetuchukua wiki 6, kikarundika kilima cha changarawe. Lakini uwezo wetu wa kuosha ulikuwa ndoo 200 kwa siku, yaani tani 4, na kufikia Agosti lambo tulilochotea maji lilikuwa limekauka, tukawa tunanunua maji ya boza. Mvua za Novemba zilipoanza, sehemu ya kilima ilirudi shimoni pamoja na matope. Tulichowahi kuosha kilitoa vijiwe viwili vidogo kama mbegu za mchicha.

Kilichotukwamisha ni kuosha, wala si kuchimba, na kijiko kiliongeza kasi mahali ambapo haikuhitajika. Zaidi ya hayo tulifukua pale lilipotoka jiwe moja, bila kujua kama kuna la pili.

Sasa tunachimba mashimo ya majaribio kila baada ya hatua 25. Kila shimo hutoa ndoo 500, zinaoshwa peke yake, na idadi na uzito wa mawe huandikwa kwenye daftari, hata kama ni sifuri. Kati ya mashimo 14, matano yametoa almasi, na yote matano yamefuatana katika mstari mmoja kuelekea korongo la zamani, jambo linalonifanya niamini kwamba mawe hayo yaliletwa na maji. Mstari huo ndio utakaoniambia pa kupanulia. Kwanza tutalichimba lambo liwe na kina zaidi, kisha tutanunua jigi la injini, yaani mashine ya kuoshea changarawe, na kijiko kitakuwa cha mwisho. Mtaji ukizidi dola 100,000 za Marekani, leseni ndogo haitoshi tena. Itatulazimu kuomba leseni ya uchimbaji wa kati na cheti cha mazingira, na sitaki kuyafikia maombi hayo nikiwa na simulizi la jiwe moja badala ya daftari lililojaa.

Shimo la 15 tulilianza Jumatatu. Ndoo 340 zimekwisha kuoshwa, na safu yake kwenye daftari bado ni sifuri.