Nyumba ya uzeeni nje ya nchi: kibali kwanza, hati baadaye

Kununua nyumba katika nchi ya watu hakukupi ruhusa ya kuishi humo, na kuwa na kibali cha kuishi hakukupi haki ya kumiliki ardhi. Ni haki mbili tofauti, kila moja na sheria yake na ofisi yake. Wastaafu wengi wanaoumia huumia hapo: wanavutwa na bei, wanalipa, halafu ndipo wanauliza watakaa kwa viza gani. Mpangilio ninaoushauri ni huu: kibali, kisha kuishi kama mpangaji, kisha uchunguzi wa hati, na pesa ziwe kitu cha mwisho kutoka benki.

Viza za wastaafu karibu zote huuliza jambo moja: una kipato gani ambacho hakitakatika? Panama na Kosta Rika hutaka pensheni ya maisha isiyopungua dola 1,000 za Marekani kwa mwezi. Thailand hutaka uwe umefikisha miaka 50, na uoneshe ama kipato cha baht 65,000 kwa mwezi, ama baht 800,000 zilizokaa katika benki ya huko miezi 2 kabla ya kuomba na miezi 3 baada ya kupewa. Baada ya hapo salio lisishuke chini ya 400,000. Wengi hukwama wakati wa kuongeza muda. Wanazitoa zile pesa kununulia samani au gari, na tarehe ya ukaguzi inawakuta salio limepungua. Pesa za viza zihesabu kama hazipo.

Makaratasi nayo yana mpangilio wake. Barua ya pensheni, cheti cha ndoa na cheti cha polisi cha tabia njema vyote huhitaji muhuri wa apostili, yaani uthibitisho wa serikali kwamba hati ni halisi, unaotambuliwa na nchi za Mkataba wa The Hague wa 1961. Kama nchi yako au unayokwenda si mwanachama, hati zipitie wizara ya mambo ya nje na ubalozi. Baada ya muhuri ndipo zipelekwe kwa mtafsiri anayetambuliwa na nchi unayokwenda; ukitafsiri kwanza, muhuri wenyewe utabaki haujatafsiriwa na utarudishwa. Cheti cha polisi huisha muda haraka, mara nyingi ndani ya miezi 3 hadi 6, kwa hiyo kiwe cha mwisho kuombwa. Na majina yalingane herufi kwa herufi kwenye pasipoti, cheti cha ndoa na barua ya pensheni. Jina la ukoo lililobadilika baada ya ndoa linaweza kusimamisha ombi zima.

Masharti hayo hubadilika. Ureno iliondoa ununuzi wa nyumba katika viza yake ya wawekezaji Oktoba 2023, na Uhispania ikafuta ya kwake Aprili 2025. Usinunue nyumba ambayo faida yake pekee kwako ni kibali.

Kaa kama mpangaji mwaka mzima kabla ya kununua, na mwaka huo uingie msimu mbaya: wa mvua kubwa, wa joto kali, au wa watalii kujaa mpaka maji yakakatika. Ukiwa mpangaji utajua gari la wagonjwa linachukua dakika ngapi usiku, na kama mtaa hubaki na watu msimu ukiisha. Fanya na hesabu. Chukua nyumba ya dola 100,000. Gharama za kuingia (kodi ya uhamisho, wakili, usajili) tuseme 10,000. Za kutoka siku ya kuuza, pamoja na dalali, 7,000. Kodi ya pango unayookoa ni 5,000 kwa mwaka, lakini matengenezo, bima, kodi ya majengo na ada za jengo zinakula 2,000. Unabaki na 3,000 kwa mwaka za kurudisha 17,000, yaani karibu miaka 6 kabla ya kununua kuanza kukulipa, na hapo sijahesabu faida ambayo zile 100,000 zingeleta kwingine. Kama huna hakika ya kukaa miaka 6, endelea kupanga. Hilo ni jibu halali kabisa, na kwa mtu mwenye miaka 75 mara nyingi ndilo jibu bora.

Unamiliki nini hasa?

Hapa ndipo nchi hutofautiana sana, na neno “unaweza kununua” la dalali linaweza kumaanisha mambo matano. Meksiko hairuhusu mgeni kumiliki moja kwa moja nyumba iliyo ndani ya kilomita 50 kutoka pwani au 100 kutoka mpakani. Njia halali ni fideicomiso, amana ambamo benki hushika hati kwa niaba yako kwa miaka 50 inayoweza kuongezwa, nawe unatumia, unauza na kurithisha. Benki hutoza ada kila mwaka. Huko huko kuna ardhi ya ejido, mali ya jumuiya ya wakulima, ambayo huuzwa kwa bei ya kuvutia kwa karatasi iliyosainiwa na wanajumuiya. Kabla ya kugeuzwa kisheria kuwa ya mtu binafsi, karatasi hiyo haikupi umiliki.

Thailand hairuhusu mgeni kumiliki ardhi, lakini anaweza kumiliki fleti mradi wageni kwa pamoja wasizidi asilimia 49 ya eneo la fleti zote katika jengo. Ufilipino kikomo ni asilimia 40. Kwa hiyo swali la kwanza kwa uongozi wa jengo lihusu nafasi ya wageni: imebaki kiasi gani, na waandike barua. Nyumba yenye kiwanja Thailand hupatikana kwa kukodi ardhi kwa miaka isiyozidi 30. Muuzaji akikuuzia “30 na 30 na 30”, lipia ile 30 iliyosajiliwa. Ahadi ya kuongeza si haki iliyosajiliwa, na aliyeitoa anaweza kufa au kuuza. Kenya, kwa Kifungu cha 65 cha Katiba ya 2010, asiye raia hupata umiliki wa kukodi usiozidi miaka 99. Kosta Rika huwapa wageni umiliki kamili sehemu kubwa ya nchi, ila si ufukweni: mita 200 kutoka alama ya maji kujaa ziko chini ya sheria ya 1977. Mita 50 za kwanza ni za umma, na 150 zinazofuata hutolewa kwa idhini ambayo mgeni hapewi kabla ya kuishi nchini miaka 5.

Kisha kuna kununua kwa jina la kuazima: raia anaandikwa mmiliki, wewe unalipa, mnawekeana mkataba wa siri. Siupendekezi kwa namna yoyote. Pale ambapo sheria inakataza mgeni kumiliki, mkataba wa kuikwepa sheria hiyo hauna nguvu mahakamani, na mwenye jina akifa warithi wake ndio wenye nyumba. Hata jina likiwa la mwenzi wako wa ndoa, soma unachosaini: Thailand humtaka mume au mke mgeni atamke rasmi kwamba pesa ya kiwanja ni ya mwenzake peke yake. Ukishasaini hivyo umejitoa.

Uchunguzi wa hati

Wakili awe wako, asiwe aliyependekezwa na dalali wala muuzaji. Katika nchi zinazotumia notari, ofisa wa kisheria anayeidhinisha mikataba ya nyumba, kumbuka kuwa notari anahakikisha sahihi, utambulisho na kodi za serikali; halindi masilahi yako dhidi ya muuzaji. Wakili achukue nakala mpya ya rejesta ya ardhi kutoka kwa msajili mwenyewe, asitegemee fotokopi ya muuzaji. Kwenye nakala hiyo tazama jina la mmiliki na ulilinganishe na pasipoti yake, rehani, zuio la mahakama, haki za kupita, na mwenzi wa ndoa ambaye ridhaa yake inahitajika. Mpimaji ardhi aende kiwanjani na ramani, atafute bikoni, alama za mipaka, na apime upya. Mara nyingi hati huwa safi na ukuta ndio uko kwenye kiwanja cha jirani. Hakikisha pia njia ya kuingilia ni ya umma au imeandikwa kwenye rejesta, na kwamba vyumba vilivyoongezwa vina kibali cha ujenzi. Chumba kisicho na kibali unakirithi pamoja na faini yake.

Madeni hufuata nyumba kuliko watu wanavyodhani. Uhispania, nyumba huwajibika kwa ada za jengo ambazo hazikulipwa mwaka wa ununuzi na miaka 3 iliyotangulia, hata kama deni ni la mwenye nyumba wa zamani. Dai cheti cha kutodaiwa kabla ya kusaini.

Arubuni, ambayo mara nyingi ni asilimia 10, ikae kwenye akaunti ya amana ya wakili, na mkataba utaje sababu za kurudishwa: hati kuwa na kasoro, nafasi ya wageni kuisha, kibali kukataliwa. Asubuhi ya kusaini, rejesta ichunguzwe mara ya pili, kwa sababu kati ya uchunguzi wa kwanza na usajili muuzaji anaweza kuweka rehani mpya. Usajili ufanyike siku hiyo hiyo.

Muuzaji akikuomba hati iandikwe bei ndogo ili kupunguza kodi, kataa. Siku utakapouza, faida itahesabiwa kutoka bei hiyo ndogo na kodi itakuwa juu yako. Pesa zitoke kwenye akaunti yenye jina lako, zikiwa sarafu ya kigeni, sababu ya kutuma ikiandikwa wazi. Kwa fleti, ofisi ya ardhi ya Thailand hudai cheti cha benki kinachothibitisha hivyo, na bila ushahidi wa pesa kuingia, kwingine ni vigumu kuzitoa tena. Cheti hicho kitunze pamoja na hati.

Nyumba yenyewe ikaguliwe na mhandisi, hasa karibu na bahari. Chumvi hupenya zege na kufika kwenye nondo. Kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilicholika, hivyo husukuma zege na kulipasua. Ufa ulionyooka kufuata nondo, au madoa ya hudhurungi chini ya slabu, ni dalili mbaya zaidi kuliko rangi iliyobanduka. Nyufa zikishapakwa plasta mpya huwezi kuziona, kwa hiyo plasta mpya mahali pamoja tu iulizwe kwa nini ipo. Katika nchi nafuu fundi ni wa bei ndogo, lakini pampu, kiyoyozi na lifti huagizwa nje kwa bei ya nje.

Pensheni, matibabu na mwenzi anayebaki

Pensheni huja kwa sarafu moja na maisha hulipwa kwa nyingine. Sarafu ya huko ikipanda kwa asilimia 20 dhidi ya yako, 1,200 yako inanunua kilichokuwa kinanunuliwa kwa 1,000. Pensheni ya serikali ya Uingereza hupandishwa kila mwaka kwa anayeishi Marekani au Ufilipino, lakini Thailand, Kanada, Australia na Afrika Kusini hubaki kiwango kile kile. Medicare, bima ya afya ya wazee ya Marekani, kwa kawaida hailipi matibabu ya nje, na raia wa Marekani huendelea kuwasilisha taarifa za kodi popote anapoishi. Bima ya afya ipatikane kabla ya nyumba: kampuni nyingi zina umri ambao ukiupita hazikuandikishi tena, na ugonjwa ulio nao tayari huweza kuachwa nje.

Mnapokuwa wawili, fanyeni hesabu ya mmoja. Pensheni itabaki kiasi gani mmoja akifa? Je, kiasi hicho bado kinatosha sharti la viza? Mara nyingi aliyebaki alikuwa tegemezi kwenye kibali cha marehemu, na akaunti ya pamoja inaweza kufungwa mpaka mirathi ikamilike. Kila mmoja awe na akaunti yake yenye matumizi ya miezi 6.

Katika nchi nyingi za Umoja wa Ulaya, isipokuwa Denmark na Ireland, tangu tarehe 17 Agosti 2015 mirathi hufuata sheria ya mahali marehemu alipokuwa akiishi, ila kama wosia wake umechagua sheria ya uraia wake. Uchaguzi huo ni sentensi moja, na bila hiyo watoto wanaweza kupewa fungu la lazima hata kama ulitaka nyumba yote iwe ya mwenzi wako. Ukiwa na wosia mbili, moja ya nyumbani na moja ya huko, kila moja itaje mali inayohusika nayo tu, na wakili aondoe ile sentensi ya kawaida ya “nafuta wosia zote za awali”, kwa kuwa wosia wa pili utaufuta wa kwanza wote.